Spea ya mwalimu: tairi "jipya" la miaka 19

Tairi lilikuwa bado na vinyweleo vyake. Vile vijisindano vya mpira ambavyo tairi hutoka navyo kiwandani vilikuwa vimesimama pembeni kama ndevu za kijana wa kidato cha pili. Mifereji ilikuwa mirefu kama siku lilipotengenezwa, na ubavuni hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja wa ukingo wa barabara. Ukilitazama kwa hatua tatu ungeapa limetoka dukani asubuhi ile.

Ilikuwa Desemba 2023, wiki ya kuelekea Krismasi, hapa Morogoro ninapofanya kazi ya matairi kando ya barabara kuu. Mwalimu mmoja alikuwa anatoka Dar es Salaam kwenda Iringa: yeye, watoto wawili, mama yake mzazi, na shemeji yake aliyekuwa kwenye usukani. Gari ni RAV4 ya 2004, ile yenye spea mgongoni, mlango wa nyuma. Walipofika Mikese tairi la nyuma kushoto likachanwa ubavuni na kipande cha chuma. Shemeji akashuka, akafunga spea, wakajikongoja kama kilomita 25 hadi kwangu. Ombi lao lilikuwa jepesi: niongeze upepo kwenye spea, nitengeneze lile lililochanika liwekwe mgongoni, waondoke.

Lile lililochanika halikuhitaji mjadala. Ubavu hautengenezwi. Najua kuna wanaobandika kiraka kwa ndani na kutia tubu juu yake, na wapo waliofika nalo mbali, lakini ubavu ndio unaokunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka, na jeraha la hapo halipumziki. Nikaliegemeza ukutani. Kazi ikabaki kwenye spea.

"Fundi, hii isikusumbue," shemeji akasema. "Jaza upepo tu. Tangu gari lije haijawahi kugusa chini mpaka leo. Mpya kabisa, halafu ni ya Japani."

Nilipobandika geji ikasoma psi 19, kipimo cha upepo. Kibandiko cha mlangoni kinataka 30 hivi. Na hiyo 19 ilikuwa ya tairi la moto, limetoka kutembea. Likipoa ingekuwa chini zaidi. Tairi zima, lisilo na pancha yoyote, hupoteza psi moja au mbili kila mwezi kwa sababu hewa hupenya taratibu kwenye mpira wenyewe. Kwa hiyo geji ilikuwa imeshaniambia jambo la kwanza: hakuna aliyeigusa ile spea kwa miezi mingi. Sikujaza. Tairi lililokimbia na upepo nusu nalitoa kwanza kwenye rimu, nione ndani.

Kabla ya kulitoa nikatafuta tarehe. Upande uliotazama nje ulikuwa na herufi DOT, zinazoanzisha mstari wa namba za tairi, na alama chache, basi. Wengi huishia hapo na kusema tairi halina tarehe. Lakini kiwanda hakilazimiki kuandika mstari wote pande mbili, na tarakimu nne za mwisho, zile zenye wiki na mwaka, mara nyingi ziko upande mmoja tu. Kwa mkosi wa kawaida, upande huo ndio unaotazama uvunguni. Nikapiga jeki, nikalala chali na tochi. Ndani ya kiduara kilichobonyea palisomeka 4104.

Wiki ya 41 ya 2004. Yaani Oktoba. Tairi lilizaliwa pamoja na gari, likapanda meli nalo, likakaa mgongoni miaka 19.

Nikamwita mwalimu asome mwenyewe. Akainama, akasoma, akahesabu kwa vidole kama anavyowafundisha watoto wa watu. "Kwa hiyo ni kubwa kuliko huyu wangu wa kwanza." Huyo wa kwanza alikuwa amekaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa anakula mahindi, ana miaka 15.

Shemeji hakuyumba, na hoja zake nizitendee haki, maana ndizo ninazosikia kila wiki. Halijatembea. Lilikuwa ndani ya kava. Halina nyufa. Na limewaleta kutoka Mikese bila kelele. Mtu mwenye akili timamu anaweza kuamini yote manne.

Lile la kwanza ndilo linalowapoteza watu. Tumezoea kupima tairi kwa kipara, na hata trafiki akikusimamisha anaangalia kipara. Ukishaona mifereji imejaa, unafunga mjadala. Lakini mpira wa tairi ni kitu kilichopikwa kwa joto na salfa, na ukishatoka kiwandani unaendelea kupikika polepole, uwe barabarani au mgongoni mwa gari. Oksijeni iliyoshindiliwa ndani hupita katikati ya tabaka za mpira ikitafuta njia ya kutoka, na humo njiani inaula mpira, inaukausha. Joto huharakisha. Andazi la juzi ambalo hakuna aliyeling'ata bado ni andazi la juzi.

Kuna jambo jingine ambalo wateja hawalipendi kwa sababu linaonekana kinyume. Watengenezaji huchanganya kwenye mpira nta na kemikali za kupambana na ozoni ya hewani. Tairi linalotembea hujikanda kila mzunguko, na kule kujikanda husaidia nta kusogea hadi juu na kufunika ngozi. Spea haikandwi. Inakaa umbo moja, inakauka. Kutotembea, ambako shemeji alikuwa anakuhesabu kuwa sifa, kuliinyima kinga.

Kuhusu kava, niliuliza tu swali moja: nyumbani gari linaegeshwaje? Mwalimu akasema linaingia pua mbele hadi ukutani. Na mgongo unatazama wapi? Akafikiri kidogo. Magharibi. Basi jua lote la alasiri la Dar es Salaam, mwaka baada ya mwaka, lilikuwa linatua juu ya ile spea, ndani ya kava jeusi. Kava lenyewe lilikuwa limepasuka sehemu ya chini, mvua inaingia, hasa pale bolti za kishikizo zilipo. Spea inayokaa uvunguni hupigwa matope na mawe. Inayokaa mgongoni huchomwa jua. Iliyo ndani ya buti chini ya zulia hupona kidogo, ingawa nayo husahaulika zaidi.

Nikalitoa kwenye rimu.

Hoja ya nyufa iliishia hapo. Tairi likiwa limejaa na limetulia, nyufa za chini ya mifereji hujifumba. Nikaliweka sakafuni, nikalikandamiza kwa goti ili uso wake ujikunje kwa nje, na pale chini ya mfereji wa pembeni, karibu na bega ambapo uso hukutana na ubavu, pakafunguka mistari midogo sambamba, kama magaga ya kisigino. Nikapitisha ukucha ukanasa. Nikageuza sehemu nyingine: hali ileile, ila upande mmoja ulikuwa na nafuu, nadhani ule ambao kava halikuwa limepasuka. Ubavuni juu palikuwa safi. Karibu na ukingo unaobana rimu palikuwa na nyufa nyembamba za mviringo.

Ndani ndipo palipomnyamazisha shemeji. Kulikuwa na vumbi jeusi, laini kama masizi ya kibatari. Nikalifuta kwa kidole nikamwonyesha. Hilo halikuletwa na miaka, limeletwa na zile kilomita 25. Tairi lenye upepo mdogo hulala ubavu, ubavu unajisaga wenyewe kwa ndani, na unga wake ndio huo. Mpira wa 2021 ungevumilia safari kama hiyo na kuacha alama hafifu. Huu ulikuwa tayari mkavu.

Nikakunja na valvu kwa kidole gumba. Valvu zile za mpira huzeeka pamoja na tairi, na hii ilikuwa imechanika kwenye shina. Ni kitu cha bei ya soda mbili, watu hubadilisha tairi na kuiacha.

Sasa uamuzi. Sikutaka kumwambia mwalimu "hili ni bovu" halafu nimuuzie jingine, kwa sababu mimi ndiye muuzaji na kila mtu anajua hilo. Niliona afadhali niseme swali ninavyoliona. Spea inaulizwa kwa kazi inayokwenda kufanya. Kama angeniambia anataka kutoka kwangu hadi stendi ya Msamvu na kurudi, mwendo wa polepole, peke yake, ningelijaza upepo na kunyamaza. Kazi ya spea ni kukutoa porini hadi kwa fundi, na hii ilishaifanya. Alichokuwa anataka ni jambo tofauti: kilomita 300 hivi, watu watano na mizigo hadi darini, kukatiza mbuga ya Mikumi ambako huwezi kushuka ovyo kubadili gurudumu, kisha bonde la Ruaha Mbuyuni lenye joto la Desemba, kisha kupanda Kitonga nyuma ya malori na mbele ya mabasi. Hapo spea inageuka kuwa tairi la safari, na tairi la safari la miaka 19 silifungi.

"Tukitembea 80 tu je?" shemeji akauliza.

Mwendo husaidia, nikamwambia, lakini mwendo haurudishi gundi. Ndani ya tairi kama hili kuna tabaka mbili za nyuzi za chuma, na kati yake utando mwembamba wa mpira. Kinachouawa na umri ni utando huo, hasa kwenye kingo za zile tabaka, pale begani, na huko macho hayafiki. Siku likiachia, uso wa tairi hubanduka mzima kama ganda la muwa. Likiwa la nyuma, mkia wa gari unahama.

Nikamtajia kisa cha Uingereza, kwa sababu umri ulilingana kiajabu. Septemba 2012 basi lililobeba vijana waliotoka kwenye tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele karibu na Hindhead, huko Surrey, likaacha barabara na kugonga mti. Walikufa watatu, dereva akiwemo. Tairi lile lilikuwa na mifereji ya kutosha kisheria. Lilikuwa na miaka 19, mingi kuliko basi lenyewe. Mama wa mmoja wa vijana wale akapigania jambo hilo miaka mingi, na tangu Februari 2021 Uingereza imepiga marufuku tairi lililozidi miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya mabasi na malori. Magari madogo hayakuguswa na sheria hiyo. Huko unaachiwa ushauri wa watengenezaji, nao haufichi: vitabu vya Toyota vinasema tairi lililozidi miaka 6 likaguliwe na fundi hata kama halijatumika kabisa, na Michelin wanashauri likifika miaka 10 libadilishwe, spea ikihesabiwa humo, hata kama linaonekana zima.

Shemeji akasema basi lile ni zito. Kweli. Nikamwambia na barabara ile haina joto la Ruaha Mbuyuni.

Mwalimu ndiye aliyekata shauri, wala hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amesinzia kiti cha nyuma na khanga usoni. "Funga jipya."

Hilo halikuchukua muda. Saizi 215/70R16, tarehe ya mwaka huohuo wa 2023, laki mbili na ushee, pesa iliyokuwa ya ada ya Januari. Nikalifunga nyuma kushoto. Gari lake linavuta kwa magurudumu ya mbele, kwa hiyo jipya moja nyuma kando ya lililolika nusu halikunipa shida. Lingekuwa la kuvuta magurudumu yote ningesumbuka zaidi, maana tofauti ya milimita nne za mpira ni kama sentimita mbili na nusu kila mzunguko, na kifaa kinachogawa nguvu hakipendi hivyo. Mengine matatu nikayasoma: yote 2019, hayana neno.

Ndipo likaja tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mwalimu ana matairi manne mazuri, na hana spea.

Kishawishi kilikuwa kulirudisha lile la zamani mgongoni, "la dharura tu". Nilikaribia kukubali. Kwa karatasi inaleta maana: afadhali spea mbaya kuliko kutokuwa nayo, ukiipata pancha unalifunga, unakwenda 50 hadi kwa fundi wa kwanza. Lakini nilimjua shemeji kwa saa moja na nusu, na ilitosha. Angelifunga, angesikia halipigi kelele, angefika 100 kabla ya Ilula. Halafu lilikuwa limeshasagika ndani. Sikutaka liondoke na mtoto wa mtu.

Kwenye rafu yangu kulikuwa na tairi la saizi ileile, nililolivua kwa mteja aliyebadilisha yote manne. 2218, yaani katikati ya 2018. Limelika, limebaki milimita 3 hivi, limekwaruzwa ubavuni na kingo za Dodoma. Nikalikandamiza kwa goti mbele yao: mfereji ukafunguka safi, mpira unarudi kama shavu la mtoto. Nikamwambia mwalimu nalimwazima hadi atakaporudi, na lile lake libaki kwangu rehani.

Shemeji alicheka kwa sauti. "Fundi, unachukua mpya unatupa mtumba!"

Ndivyo hasa ilivyoonekana. Niongeze hapa, maana ni sehemu ya kisa: matairi ya mtumba yenye mifereji mizuri yanayouzwa mitaani yakiwa yamepakwa dawa ya kung'arisha ni ndugu wa spea ya mwalimu. Mengi yalivuliwa huko yalikotoka kwa sababu ya umri, mifereji ikiwa bado ipo. Tairi lililolika la miaka mitano na tairi lililojaa la miaka 15 yakiwekwa pamoja, mnunuzi huchukua la pili na kulipa zaidi. Mimi natafuta zile tarakimu nne kabla ya kuuliza bei, na nikikuta zimekwanguliwa, bei siulizi.

Waliondoka saa nane mchana. Saa mbili usiku mwalimu akatuma ujumbe: "Tumefika salama, ahsante fundi." Labda wangefika hata kwa lile lingine, lakini niliufurahia.

Siku ya tatu akapita jamaa mmoja anayeuza mtumba, akaliona lile la rehani. Akalizungusha, akavuta vinyweleo, akataja bei nzuri palepale. Likipakwa dawa lingeuzika kabla ya jioni. Nikampigia mwenye mali.

"Mwalimu, kuna mtu anaitaka ile tairi yako."

"Anaitakia nini?"

"Auze. Ifungwe kwenye gari."

"Gari la nani?"

"Hilo hatutalijua."

Akakaa kimya, nikasikia kuku na watoto wa Iringa kwenye simu. "Ikate," akasema.

Nililikata na jirani yangu anayeshona katambuga, kwa shoka dogo na msumeno wa chuma. Tulipofika begani nikaingiza koleo kwenye ukingo wa tabaka la juu la chuma nikavuta. Likaja. Upana kama wa vidole viwili lilibanduka kavu, nyuzi zikatoka zikiwa tupu, nyingine zenye kutu ya rangi ya chai. Kwenye tairi zima ukivuta hivyo mpira hukataa, huchanika kwa shida na kubaki umeganda pande zote mbili. Kuelekea katikati lilishika zaidi, koleo likateleza. Hilo halithibitishi kwamba lingeachia kabla ya Kitonga. Linaonyesha lilikuwa limeanza.

Mshona katambuga alipinda kipande cha ubavu mara mbili, akakirusha chini. Alisema kimekauka mno, kitamkata mteja mguu. Akachukua vipande viwili vya uso kutengenezea bawaba za banda la mbuzi.

Januari walirudi na tenga la nyanya za Ilula. Mwalimu alikuwa ameshanunua spea yake huko Iringa, tairi jipya, na kava jipya pia. Nikachukua langu, nikampa kile kipande chenye 4104 nilichokuwa nimekitundika kwenye msumari. Alisema atakwenda nacho darasani, somo la sayansi. Shemeji alikizungusha mkononi muda mrefu bila kusema neno, akabandua na kubandika ule ukingo uliolegea.

Jioni yake, wakiwa wameshafika Dar es Salaam, simu yangu ikalia. Shemeji. Picha ya gizani, imepigwa na tochi uvunguni mwa Noah: spea imejaa matope, herufi DOT, alama chache, basi. Chini ameandika, "Fundi, hii ya kwangu haina tarehe."

Nikamjibu aishushe, ageuze upande wa pili.

Nusu saa ikapita. Ikaja picha nyingine, kidole chake cheusi kikiwa kimefuta matope kwenye kiduara: 0806. Safari hii hakuandika kitu.